Mwaka wa Filimu ya Gisenyi

Siku ya soko ya kwanza baada ya Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, Dauda alipanda juu ya pipa tupu la petroli, akaweka mdomoni kipaza sauti chake cha bati, na soko zima la Gisenyi likanyamaza. Hata wanawake wa Mudende waliokuwa wakishusha viazi walisimama na magunia mgongoni.

"Mabibi na mabwana! Wakristo na Waislamu! Na wewe Kadiri, acha ile cherehani, sikia! Mwaka huu, mvua ikiisha, voiture, ile gari ya sinema, inarudi. Na inarudi na filimu mupya tu!"

Watu wakapiga makofi.

"Iko filimu ya garimoshi, refu kama kutoka hapa mpaka kwa Père kanisani. Iko ya ngombe na dakitari. Iko ya yule mwembamba wetu anayeanguka kila saa. Mwaka huu amenunua voiture, donc mujue wenyewe itakuwaje!"

Kicheko kikapita kati ya mabanda. Dauda alingoja kiishe. Alijua kungoja, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Na ya mwisho," akasema polepole, "iko filimu ya hapa. Mnamukumbuka yule muzungu wa mashini ya picha, aliyekuja wakati wa mihogo? Ameimaliza. Filimu ya Gisenyi! Ziwa yetu, soko yetu, sura zetu. Mutajiona kwenye kitambaa, wakubwa kama nyumba!"

Soko lililipuka. Watu wakaanza kuulizana nani alipigwa picha na nani alijificha, na nani alivaa nguo gani siku ile. Mzee mmoja alilia machozi ya kweli kwa kuwa alikuwa Goma siku hiyo kwenye matanga.

Mwisho kabisa wa soko, karibu na mfereji ambapo maji machafu ya mabanda yalipita, mwanamke mmoja hakupiga makofi. Alikuwa Languida, muuza samaki kutoka Nyamyumba. Alikaa nyuma ya meza yake na kapu lililofunikwa majani ya mgomba, akamtazama Dauda kama mtu anayemtazama kuku anayemnenepesha.

Dauda alimwona. Hakuweza kupita bila kumgusa.

"Mama Nzi! Na wewe utaonekana! Kitambaa ni kikubwa, nzi wote watapata nafasi!"

Watu wakacheka tena, wakageuka kumtazama. Languida akaitikia kwa kichwa, kwa upole.

"Nitakuja, Dauda," akasema. "Nitakaa mbele kabisa."

*

Jina hilo alilipata Juni iliyotangulia.

Filimu zilizokuja na gari la sinema zilisema Kifaransa, au hazikusema kitu. Kwa hiyo mwendeshaji alihitaji mtu wa kusimama kando ya kitambaa na kuwaeleza watu wanachokiona. Gisenyi mtu huyo alikuwa Dauda, mtoto wa mtaa wa Waswahili, mwenye sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa kiwanja cha mpira. Naye hakueleza tu. Watu wa kwenye kitambaa hawakuwa na majina, basi yeye aliwapa majina ya watu wa mji. Mzungu mnene akiingia, Dauda alisema, "Huyu ni Twagirimana wa buchari, mukata nyama." Bibi mzuri akishuka ngazi, alisema, "Huyu ni binti wa katekista, amerudi kutoka Usumbura." Watu waliita jambo hilo kubatizwa na Dauda. Aliyebatizwa vizuri alitembea mwaka mzima kifua mbele. Aliyebatizwa vibaya alikaa na jina lake mpaka gari lirudi na filimu nyingine, kwa sababu huo ndio uliokuwa mchezo, na hakuna aliyeona kuwa mchezo unaweza kuua.

Juni ile ilionyeshwa filimu ya usafi. Alitokea mwanamke wa nchi nyingine, mchafu, amelala mlangoni na nzi wamemjaa machoni na kwenye chakula. Dauda akasema kwenye kipaza sauti, "Ah, huyu namujua! Ni Languida wa Nyamyumba, anauza samaki yake!"

Kiwanja kizima kilicheka. Languida mwenyewe alicheka kidogo, kwa kuwa alidhani kicheko kitaisha usiku huo.

Hakikuisha. Siku ya soko iliyofuata, mwanamke mmoja aliinua samaki wake, akamnusa, akamrudisha. Mwingine akafanya hivyo hivyo. Watoto walipita wakivuma kama nzi. Mkuu wa soko akamwambia kwa adabu kwamba wenye mabanda jirani wananung'unika, basi afadhali asogee kule mwisho, karibu na mfereji. Na pale kwenye mfereji nzi walikuwepo kweli. Kwa hiyo Dauda akawa amesema kweli.

Languida alikuwa amerithi nafasi yake ya bandani kutoka kwa mama yake. Mama yake alimfundisha kukausha samaki aina ya ngege kwa moshi wa kuni za mkaratusi, kuwageuza kwa vidole si kwa kijiti, na kuosha meza kwa majivu asubuhi na jioni. Alikuwa mtu safi kuliko wengi waliomcheka. Alirudi nyumbani siku ile na kapu lililojaa, akaketi kwenye kizingiti, na mume wake Straton aliporudi na mtumbwi hakuuliza kitu. Alichukua kapu, akaanza kuwarudisha samaki juu ya moshi, mmoja mmoja.

*

Sasa, kwa nini Languida aliingoja filimu ya Gisenyi kuliko mtu yeyote?

Kwa sababu alikuwepo. Mzungu wa mashine alipokuja, miezi kadhaa baada ya Juni ile, alimchukua Dauda awe mkalimani wake, wa kuwaambia watu wasimame wapi na wasitazame mashine. Walifika Nyamyumba asubuhi ya manyunyu. Mzungu aliwapa Dauda na mpagazi wake makoti ya mvua yanayofanana, marefu, yenye kofia. Walipiga picha mitumbwi ikiingia. Walimpiga Straton akivuta kasia. Kisha wakapumzika.

Languida alikuwa amekwenda kuchota maji. Aliporudi na mtungi alisimama nyuma ya mgomba. Mtu mwenye koti alikuwa amechuchumaa mbele ya uchaga wake wa samaki, mgongo ukielekea ziwani. Alimchukua ngege mnene, akamla kwa mikono miwili. Akachukua mwingine. Alikula kama mtu aliyefunga na kusikia adhana. Alipogeuza uso kutazama kama kuna mtu upande wa njia, Languida akaona ni Dauda.

Alifungua mdomo apige kelele. Ndipo akaona kitu kingine. Kule nyuma, kando ya mtumbwi, mzungu alikuwa ameiweka mashine jichoni, imeelekezwa kwa Dauda, naye anatabasamu peke yake. Mashine ilikuwa ikinguruma polepole, kama paka.

Languida alifunga mdomo. Alirudi nyuma na mtungi wake kichwani, tone moja lisimwagike.

Usiku ule alimwambia Straton tu.

"Ungepiga kelele," Straton akasema. "Watu walikuwa hapo."

"Ningepiga kelele, angesema Mama Nzi amechanganyikiwa. Yeye iko na kinywa, mi niko na nini? Lakini ile mashini haina kinywa. Itasema ile iliyoona."

"Muke wangu, wazungu wanakata filimu kama Kadiri anakata kitambaa. Labda kile kipande watatupa."

"Hawatatupa."

"Unajuaje?"

"Alikuwa anacheka, Straton. Mutu hatupi kitu kilichomuchekesha."

Lakini hakujua kwa hakika, na hilo ndilo lililomla usiku na mchana.

Baada ya tangazo la Bonane, chuki yake ilipata kazi. Alipogeuza samaki juu ya moshi alikuwa akimgeuza Dauda. Alimtafutia majina. Mwizi lilikuwa jina la kawaida mno. Fisi lilikuwa zuri, lakini fisi ana heshima yake ya kutisha. Alijaribu Paka, akajaribu Tumbo. Mwezi wa Machi, akiwa anapalilia maharage, alipata jina baya sana hata akacheka kwa sauti, na Straton akauliza kuna nini. Alikataa kumwambia. Lilikuwa jina ambalo mtu akibatizwa nalo, watoto wake wangeliimbiwa njiani mpaka wahame mji. Alilitunza kama watu wanavyotunza mbegu.

Naye alianza kuwaalika watu. Yeye aliyekuwa akipita barabara ya Gisenyi akiinamisha kichwa, sasa alisimama mbele ya kila mlango. Aliwaalika wavuvi, na wakulima wa Kanzenze waliokuja kuuza mtama, na masista. Alimwalika hata mkuu wa soko.

"Mwaka huu usikose filimu ya Gisenyi," aliwaambia. "Filimu zingine, bon, utaona mwaka mwingine. Lakini hii, uje na bibi yako."

Saidati, mke wa Kadiri fundi wa cherehani, aliyekaanga maandazi karibu na banda la zamani la Languida na ambaye peke yake aliendelea kula samaki wake hadharani, alimshika mkono siku moja.

"Languida, dada yangu, unanificha kitu. Uso yako inang'aa kama ya bibi harusi, na we unakaa kwenye mufereji. Iko nini?"

"Nangoja sinema, kama watu wote."

"Wallahi, wewe hungoji sinema. Wewe unangoja mutu."

"Sinema ni watu, Saidati."

"Eeh! Na huyo mutu anajua kama unamungoja?"

"Hapana," Languida akasema. "Hiyo ndiyo utamu yake."

*

Mvua ziliisha. Gari la sinema lilishuka kutoka Ruhengeri na vumbi lake, likaegeshwa kando ya kiwanja cha mpira. Mwendeshaji wake aliitwa Habiyaremye, mtu mtaratibu mwenye miwani, aliyelala ndani ya gari pamoja na mashine yake. Mchana wa siku ya onyesho alikuja kutafuta chakula, naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa mji na hakujua la kuogopa, alisimama kwenye kapu la Languida mferejini. Alikula samaki mmoja amesimama. Akaomba wa pili.

"Mama, hii ni samaki kabisa. Kwa nini unakaa hapa mahali pabaya?"

"Ni hadithi ndefu. Nikuulize, baba. Hiyo filimu ya Gisenyi, wewe umeiona?"

"Bado. Ilifika juzi ndani ya bati yake, imefungwa. Nitaiona leo na nyinyi."

Languida alilirudisha jani la mgomba juu ya kapu.

"Na Dauda? Ameiona?"

"Haiwezekani. Yeye anasemaga tu vile anavyoona, papo hapo. Ni mutu wa ajabu, kinywa yake inatangulia macho."

"Na kama watu wakipenda mahali fulani, mashini yako inaweza kurudia?"

Habiyaremye akacheka, akafuta vidole kwa jani.

"Mama, mashini yangu inaweza kutembea hata kinyumenyume. Watoto wanapendaga. Maji inapanda kutoka chini inaingia ndani ya ndoo. Kwa nini unauliza?"

"Kula, baba," Languida akasema. "Kula wa tatu."

*

Giza lilipoingia kiwanja kilikuwa kimejaa kuliko mwaka wowote. Wazungu na wakubwa walikaa mbele kwenye viti. Watu walijaa ubavuni na mpaka nyuma ya kitambaa, ambako picha ilionekana pia, ila kila mtu alitumia mkono wa kushoto. Upepo wa ziwa ulikitikisa kitambaa, na juu ya mji anga lilikuwa jekundu kwa moto wa mlima wa volkano kama siku zote. Languida alikaa kwenye majani mbele kabisa, kama alivyoahidi, kati ya Straton na Saidati.

Dauda alikuwa amevaa kanzu mpya na koti la Kadiri. Hakuwahi kuwa mzuri kama usiku ule. Garimoshi lilipotokea likija moja kwa moja, watu wa mbele waliinuka kukimbia, naye akasema, "Kaeni, kaeni, haina tiketi ya Gisenyi!" Ng'ombe alipochomwa sindano alilia kwa sauti ya ng'ombe, kisha kwa sauti ya daktari. Yule mwembamba aliponunua gari lake na suruali ikamwanguka mbele ya polisi, Dauda akasema, "Hii suruali imeshonwa na Kadiri!"

"Mwongo!" Kadiri alipiga kelele kutoka gizani. "Na hiyo koti uliyovaa imeshonwa na nani? Ivue!"

Saidati alicheka mpaka akaegemea bega la Languida. Lakini Languida hakucheka. Alimtazama Dauda akifurahi, akawaza: furahi, ndugu yangu, furahi sana.

Kisha kitambaa kikawa cheupe, na yakatokea maji. Ziwa lao. Halafu kiwanja kilipiga ukelele mmoja, kwa sababu watu walikuwa wakijiona kwa mara ya kwanza, wakubwa kama nyumba, kama walivyoahidiwa. Waliita majina. Mwanamke mmoja alimwona mtoto wake aliyekufa wakati wa mvua, akipita na fimbo, akakimbilia kitambaa na kukishika, na watu wakamrudisha taratibu. Straton alipotokea akivuta kasia, Languida aliutafuta mkono wa mumewe gizani, akaushika.

"Na hapa sasa," Dauda akasema, "ni Nyamyumba, na mimi mwenyewe ndiye niliyewapanga hawa watu wote!"

Mitumbwi ikaondoka kitambaani. Uchaga wa samaki ukatokea, mkubwa, moshi ukipanda. Mbele ya uchaga palikuwa na mgongo. Mgongo mpana ndani ya koti la mvua, kofia kichwani, mabega yakienda juu na chini.

Dauda aliutambua uchaga mara moja. Koti aliliona pia, akamkumbuka mpagazi wa mzungu. Lakini mgongo hakuutambua, maana hakuna mtu katika mji ule aliyekuwa amewahi kuuona mgongo wake mwenyewe. Naye kazi yake ilikuwa kusema kabla watu hawajafikiri.

"Ooo! Hapa ni kwa Mama Nzi!" alipaza sauti. "Na huyu ni nani? Ah, ni mupagazi wa muzungu! Masikini, njaa imemutoa akili, anakula hata samaki ya nzi! Tazameni mabega! Tazameni anavyomeza! Na anaiba, mabwana, anaiba! Mutu wa namna hii mama yake alimuzaa siku ya njaa! Angalieni, anachukua mwingine! Mulafi, fisi, hana aibu, hana dini, kama angekuwa ndugu yangu ninge..."

Mgongo ukageuka upande wa njia, si upande wa mashine.

Uso wa Dauda ulijaza kitambaa. Mdomo uling'aa mafuta. Mkia wa ngege ulikuwa umetokeza kati ya midomo, nao ukaingia ndani polepole. Kisha akalamba vidole, kimoja kimoja, kikiwemo kidole gumba, akafumba macho kwa utamu.

Kiwanja kizima kikasikia mashine ikizunguka.

"Huyu," Dauda alianza, na sauti yake ikatoka nyembamba, "huyu ni mutu anayefanana..."

"Dauda!" Saidati alisimama. "Ile pua ni ya marehemu baba yako, usimukane!"

Hapo kiwanja kilipasuka. Watu walianguka juu ya majani. Watu wa nyuma ya kitambaa walikimbia kuja mbele kuhakikisha. Wazungu waliulizana, na mmoja alipoelezwa alijipiga paja. "Rudia!" watu wakaanza kuimba. "Rudia! Rudia!" Habiyaremye, aliyekuwa ameelewa sasa kwa nini alipewa samaki wa tatu, alisimamisha mashine, akageuza kitu, na filimu ikaanza kurudi kinyumenyume.

Vidole vilitoka mdomoni vikiwa na mafuta. Mkia ukachomoza kati ya midomo, ukafuatwa na kiuno, na kichwa, mpaka ngege mzima, mnene, asiye na alama ya jino hata moja mwilini, akawa mikononi mwa Dauda, na Dauda akamrudisha kwa heshima juu ya uchaga. Halafu akamtoa wa kwanza, naye akamrudisha.

"Amelipa!" mtu akalia kwa kicheko. "Amerudisha yote!"

Languida hakucheka. Aliutazama uchaga wake, umejaa tena kama ulivyokuwa kabla ya kila kitu, naye akajua kwamba hicho ndicho alichokuwa akikililia mwaka mzima, na kwamba ni mashine tu inayoweza kukifanya.

"Mupe jina!" watu walikuwa wakipiga kelele sasa. "Mama Languida, mubatize! Mupe jina!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni ile watu wote kumwita kwa jina lake, na hawakutambua kuwa wamefanya hivyo.

Habiyaremye alitoka kwenye gari, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Dauda, ambaye hakukishikilia, akakipeleka kwa Languida. Languida alisimama. Mwanga wa mashine ulimpiga, na kivuli chake kikapanda kitambaani, kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Jina la Machi lilikuwa ulimini mwake. Aliuhisi utamu wake. Alimwona Dauda pale kando, amevaa koti la kuazima, akitazama ardhi, na kando ya kiwanja akawaona wanawake wawili wa mtaa wa Waswahili wamemfunika kwa kanga mama yake Dauda, ambaye alikuwa amesikia jinsi alivyomzaa mwanawe siku ya njaa.

Languida akalimeza jina. Hakulitupa. Alilimeza tu.

"Dauda," akasema kwenye kipaza sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa ukubwa. "Ile samaki ilikuwa muzuri?"

Dauda alitikisa kichwa kukubali.

"Hawakusikia. Kuja hapa. Sema na kinywa, kama siku zote."

Akaja. Languida alikishika kipaza sauti yeye mwenyewe, akakiweka mbele ya mdomo wa Dauda.

"Ilikuwa muzuri," Dauda akasema.

"Iliyooza?"

"Hapana. Haikuoza."

"Nzi ilikuwa ngapi?"

"Haikuwa hata moja."

"Na ulipokula ilikuwa wakati wa mihogo. Tangu ile siku ulijua samaki yangu ni safi. Bonane, pale juu ya pipa, ulijua. Saa hii, ukiniita Mama Nzi mbele ya watu, ulijua."

Hakuna aliyecheka sasa. Dauda alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nilijua," akasema.

"Basi." Languida akageukia watu. "Munataka nimupe jina. Mwizi amejiita mwenyewe. Fisi amejiita pia. Mi ninamupa jina moja tu. Huyu ni Kiliya. Ni kiliya wangu, mununuzi wangu. Kila siku ya soko atakuja wa kwanza, mbele yenu wote, na kapu yake mwenyewe, na atakula samaki moja amesimama, munamuona. Na siku asipokuja, mumuite kwa nguvu mpaka atoke ndani ya nyumba."

"Kiliya!" kiwanja kikaitika. "Kiliya! Kiliya!"

Lilikuwa neno la kawaida la kumwita mnunuzi, lakini hawakuwahi kuliimba kwa furaha kama hiyo. Saidati alikuwa akilia na kucheka pamoja. Straton alikuwa bado anatazama kitambaa cheupe.

*

Siku ya soko iliyofuata, Languida alipofika mferejini, hakukuta nafasi yake. Wenye mabanda walikuwa wamekwisha kuibeba meza yake na kuirudisha ndani, mahali pa mama yake, na mkuu wa soko alikuwa akiosha ubao kwa majivu, vibaya, bila mazoea. Languida alimnyang'anya tambara akaosha upya.

Dauda alikuja wa kwanza, na kapu. Njia nzima kutoka msikitini watoto walimsindikiza wakiimba jina lake. Alikula samaki amesimama, na watu wakatazama kila tonge likishuka. Hakuna aliyenusa kitu chochote siku ile. Kapu la Languida lilikwisha kabla ya jua kupanda.

Alikuja siku ya soko iliyofuata pia, na iliyofuata. Alikuja akiwa na homa. Alikuja kwenye Ramadhani, jioni, kiwanja cha soko kikiwa kinafungwa, na Languida akamngojea na samaki mmoja chini ya jani, akamtazama akifuturu, bila kumpa kiti.

Baada ya Bonane nyingine, Dauda alipanda tena juu ya pipa na kutangaza filimu za mwaka ule. Kulikuwa na filimu ya meli, na ya mpira wa Leopoldville, na ya yule mwembamba, ambaye sasa alikuwa ameoa. Watu walipiga makofi kama zamani. Alipomaliza alishuka, akakiacha kipaza sauti juu ya pipa, akaja bandani na kapu lake.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Saidati ananiambia wewe mwenyewe ulimuambia baadaye, ulikuwa na jina ingine usiku ule. Baya. Uliificha."

"Saidati anasema mengi."

"Ni kweli?"

Languida alimchagulia ngege mnene, akamfunga kwa jani la mgomba, akakaza kamba yake vizuri.

"Ni kweli," akasema.

"Na uliitupa?"

Alimwekea samaki mkononi. Kwa mara ya kwanza akamvutia kigoda kwa mguu wake, akimwonyesha akae.

"Kula kwanza, Kiliya," akasema. "Filimu za mwaka huu bado hazijafika."